Darasa la Kwanza Mwaka Huu Wako Wangapi?

Mwezi huu tunaomba tuzungumze habari ya daftari. Si daftari la duka wala la michango ya jumuiya. Ni lile kubwa la mwalimu mkuu, lenye jalada gumu, ambamo kila mtoto anayeandikishwa shule hupewa namba yake. Wengi wetu tumelikaribia siku moja tu, siku ya kumpeleka mtoto. Tulitaja jina, tukataja mwaka wa kuzaliwa, tukarudi nyumbani haraka kuwahi jiko. Hatukulifikiria tena.

Katika shule ndogo ya kijijini daftari hilo lina mambo mengi ya kusoma. Kila mtoto ana mstari wake: namba, jina, mwaka wa kuzaliwa, jina la mzazi au mlezi, mahali anapoishi, tarehe ya kuingia. Mwisho wa mstari huandikwa tarehe ya kutoka na sababu yake, kwa maneno mafupi sana: amemaliza, amehama, mtoro, amefariki. Na pengine pako wazi tu, hapana neno. Mtoto aliingia, hakumaliza, hakuhama, hakufa. Yuko wapi?

Mtauliza, kulikoni wauguzi kuingilia kazi ya walimu? Sababu yetu ni kwamba sisi katika zahanati tunalo daftari ambalo ni ndugu wa hilo. Ni lile la watoto waliozaliwa na kuchanjwa. Mtoto tuliyemdunga sindano ya surua akiwa na miezi tisa, tukamwona tena kwa ile ya pili akiwa na mwaka na nusu, anatakiwa baada ya miaka michache aonekane katika darasa la awali, kisha darasa la kwanza. Kwa hiyo mwalimu asishangae idadi ya watoto anaowapokea Januari. Sisi tulikwisha kuwahesabu miaka sita kabla, wakiwa wamefungwa khanga mgongoni mwenu. Yakikutanishwa madaftari hayo mawili, ndipo mtu huanza kuuliza maswali.

Tuichukue Lupaso, katika Wilaya ya Masasi, kwa kuwa jina hilo linajulikana na wengi. Ndiko alikozaliwa Rais wa Awamu ya Tatu, Benjamin William Mkapa, tarehe 12 Novemba 1938, na ndiko alikozikwa tarehe 29 Julai 2020. Kabla ya Ndanda, Kigonsera, Pugu na Makerere, alianza masomo kijijini hapo hapo, katika miaka ya arobaini. Enzi hizo shule ya kijiji ilikuwa kazi ya misheni. Waanglikana wa UMCA walifika Masasi mwaka 1876, Wabenediktini wakafungua Lukuledi mwaka 1895 na Ndanda mwaka 1906, na kila walipojenga kanisa walijenga na darasa. Lakini watoto wengi waliishia darasa la nne, na wasichana walikuwa wachache mno. Bibi zetu wengi ni wa enzi hizo. Ndiyo maana hata leo wapo wanaoweka dole gumba kwenye karatasi, wakati kaka zao wanatia sahihi.

Shule nyingi ndogo tunazoziona leo vijijini zilitokana na Azimio la Musoma la Novemba 1974, lililotaka ifikapo mwaka 1977 kila mtoto aliyefikia umri awe darasani. Vijiji vilifyatua matofali, vijana waliotoka darasa la saba wakapewa mafunzo ya ualimu, na shule zikasimama. Baadaye hali ya uchumi ikawa ngumu, michango ya UPE ikaingia, na kufikia miaka ya tisini shilingi 2,000 kwa mwaka zikawa ukuta mbele ya mlango wa darasa. Mwenye watoto wanne alichagua wawili. Nani alibaki nyumbani, akina mama, hatuna haja ya kuambiana.

Mwaka 2001 serikali ya huyo mwana wa Lupaso ilifuta ada hiyo katika shule za msingi, kisha ukaja mpango wa MMEM wa mwaka 2002 hadi 2006. Mwaka 2000 nchi nzima ilikuwa na wanafunzi wa shule za msingi karibu milioni 4.4. Mwaka 2005 walizidi milioni 7.5. Sisi tuliokuwa na watoto wa umri huo tunakumbuka madarasa ya watu mia na zaidi, na watoto wakubwa wenye ndevu zinazochipua wameketi sakafuni darasa la pili. Mambo hayo yakajirudia Januari 2016 elimu bila ada ilipoanza upya, na walioingia darasa la kwanza mwaka huo mmoja walizidi milioni 2.

Hizo ni habari za nchi nzima. Mkoani kwetu Mtwara, kwa nini basi zipo shule ambazo darasa la kwanza lina watoto kumi na wanane, kumi na tano, pengine kumi na mmoja?

Sababu moja ni ya kweli na haina aibu: kwetu watoto wanaozaliwa ni wachache kuliko mikoa mingi. Utafiti wa taifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kuwa mama wa Lindi na Mtwara huzaa wastani wa watoto 3.8 maishani mwake, wakati wa kanda ya magharibi huzaa 6.7, na wastani wa nchi ulikuwa 5.2. Sensa ya mwaka 2012 iliikuta kaya ya Mtwara ikiwa na watu pungufu ya wanne kwa wastani, wakati ya Tanzania kwa jumla ilikaribia watano. Sensa hiyo hiyo ilihesabu katika mkoa wetu wanawake 671,206 na wanaume 599,648. Maana yake kwa kila wanawake mia, wanaume hawafiki tisini. Wamekwenda wapi hao waume na kaka? Wengi wako Dar es Salaam, wengine machimboni, wengine wanafuata maisha huku na huko. Na vijana wa kike nao siku hizi hawabaki nyuma. Kijiji kinachopeleka vijana wake mjini hubaki na wazee na wajukuu. (Habari ya kupanga uzazi tumeiandika mara nyingi katika ukurasa huu, leo tuiache ipumzike.)

Kwa hiyo mwalimu mkuu akisema watoto ni wachache, huenda anasema kweli tupu. Lakini kuna uchache wa namna ya pili, wa watoto waliopo ambao hawakuandikwa, au waliandikwa wakapotea njiani. Kwa macho namna hizi mbili zinafanana, benchi ni lile lile tupu. Na hatari yake ni kwamba ile ya kwanza huifunika ile ya pili. Watu wanasema, "Kijiji chetu ni kidogo," wanaridhika.

Kabla hatujaenda mbali, tuone hasara yenyewe. Tuseme shule ina watoto 160, kuanzia awali hadi darasa la saba. Hayo ni madarasa manane. Kwa kipimo cha serikali cha mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, shule hiyo inastahili walimu wanne. Walimu wanne, madarasa manane! Hata wakiwa watakatifu, lazima darasa moja lisubiri wakati jingine linafundishwa, na mmoja wao akiugua malaria au akienda kufuata mshahara, mambo yanakuwa magumu zaidi. Fedha nazo huja kwa kichwa. Kiwango kilichotumika elimu bila ada ilipoanza ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, 6,000 kati yake zikienda shuleni na 4,000 zikibaki kwa ajili ya vitabu. Shule ya watoto 160 basi hupata shilingi 960,000 kwa mwaka, yaani 80,000 kwa mwezi, za chaki, karatasi za mitihani, kufuli na bati lililong'olewa na upepo. Shule ya mjini yenye watoto 1,600 hupata mara kumi ya hizo, na bati ni bei ile ile. Watoto wanane wakipotea katika shule ya mjini hakuna atakayesikia. Wakipotea katika hii ndogo, zimepungua shilingi 48,000 na darasa moja limebaki nusu.

Tena kwa upande wetu wauguzi iko hasara nyingine ambayo haisemwi sana. Siku hizi dawa nyingi za kinga tunazipeleka shuleni, kwa sababu ndiko watoto waliko. Vidonge vya minyoo na kichocho huliwa pale, mbele ya mwalimu, baada ya uji. Chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, iliyoanza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 na tangu 2024 ikawa ya dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, vilevile tunaitoa kwa kufuata orodha ya mwalimu. Msichana asiyekuwa kwenye orodha lazima tumtafute nyumba kwa nyumba, na si wote tunaowapata. Akina mama ambao mmewahi kumwuguza ndugu mwenye saratani ile mnajua tunazungumza jambo gani.

Basi watoto hao wako wapi? Tuanze na wale ambao hawajaandikwa kabisa, maana hao ndio wengi wetu tunaishi nao bila kuwaona.

Wapo wanaolelewa na bibi. Katika ukoo wetu sisi Wamakua, kama ilivyo kwa Wamakonde na Wayao, mtoto ni wa upande wa mama. Ndoa ikivunjika, mama huondoka na watoto. Akienda mjini kutafuta, huwaacha kwa mama yake, na hapana anayeshangaa, ndiyo desturi. Ni desturi nzuri, imewaokoa wengi. Lakini mtoto huyo alizaliwa kwingine, kadi yake ya kliniki iko kwingine, na daftari letu halimjui. Tulimkuta bibi mmoja anatwanga, na kando yake mjukuu mkubwa wa kutosha anapepeta. Tukamwuliza mbona huyu hayuko shule.

"Nesi, mwanangu," akasema, "huyu nimeachiwa angali ananyonya. Kadi iko kwa mama yake huko Mbagala. Nikienda kwa mwalimu ataniuliza kazaliwa lini, na mimi sijui tarehe."

"Bibi, hukumbuki jambo lolote la mwaka huo?"

"Nakumbuka. Ni ule mwaka wanajeshi walikuja kubeba korosho."

Basi hapo tarehe imepatikana! Jeshi lilipewa kazi ya kusomba korosho Novemba 2018. Mtoto wa wakati huo alipaswa kuingia awali mwaka 2024 na darasa la kwanza mwaka 2025. Bibi alidhani anaficha aibu ya kutojua, kumbe alikuwa na kalenda nzuri kuliko yetu. Akina mama mlio mijini, mnaosoma ukurasa huu na mna mtoto kwa bibi yake, pelekeni kadi. Ikitumwa picha ya simu tu, mwalimu atapata tarehe na sisi tutajua chanjo zilizobaki. Na cheti cha kuzaliwa kwa mtoto wa chini ya miaka mitano, tangu mpango wa RITA ulipoingia mkoani kwetu mwaka 2017, huandikwa bila malipo kwenye zahanati au ofisi ya kata. Msingoje mpaka shule ikidai.

Wapo wengine wanaokataliwa na macho ya watu wazima. Zamani mtoto alipimwa kwa kupitisha mkono juu ya kichwa ashike sikio la upande wa pili. Akifika, ameiva kwa shule. Kipimo hiki hakimo tena katika utaratibu, ila bado kimo vichwani mwetu. Tunamtazama mtoto tunasema, "Huyu bado mdogo, tumwache mwakani." Sisi tunaowapima urefu tunawaomba mfikiri mara mbili. Katika utafiti ule wa 2015 na 2016, watoto 34 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano nchini walikuwa wamedumaa, na mwaka 2022 walikuwa bado 30. Mtoto aliyedumaa ni mfupi, lakini umri wake umefika. Akichelewa mwaka mmoja kwa ajili ya ufupi, na mwaka wa pili kwa ajili ya aibu, ataingia ana miaka tisa katikati ya wa miaka sita, na huyo ndiye wa kwanza kuacha.

Na wapo walio chumba cha ndani. Hili tunaliandika kwa uzito. Mtoto asiyesikia, mwenye kifafa, mwenye miguu isiyotembea, tulimwona kliniki mpaka alipofikisha miaka miwili au mitatu, kisha hatukumwona tena. Sensa ya tarehe 23 Agosti 2022 ilipopita, wako waliotaka kumhesabu mgeni aliyelala usiku mmoja, huyu wakasita kumtaja. Mama, hatukulaumu. Tunajua maneno uliyoambiwa na upande wa mume, na tunajua shule ya kijijini haina mwalimu wa alama. Lakini aandikwe. Jina likiwa katika daftari, mwalimu mkuu ana kitu cha kupeleka wilayani anapoomba msaada. Mtoto asiyeandikwa haombewi chochote. Tena wengi wao wanaweza zaidi ya tunavyodhani. Kifafa kina dawa, na mtoto anayemeza dawa yake kila siku anakaa darasani kama mwingine.

Sasa tuje kwa wale walioandikwa wakapotea. Hapa takwimu za nchi nzima zinatisha kidogo. Tumekwisha kusema kwamba mwaka 2016 walioingia darasa la kwanza walizidi milioni 2. Kundi hilo lilifika darasa la saba mwaka 2022, na walioandikishwa kufanya mtihani wa kumaliza walikuwa karibu milioni 1.4. Hatusemi kwamba wote waliopungua ni watoro. Wako waliokariri darasa, wako waliofariki, na huenda wako walioandikwa mara mbili. Lakini pengo la mamia ya maelfu si la kukariri peke yake. Na kuna jambo la kuangalia: kati ya waliofika, wasichana walikuwa wengi kuliko wavulana. Miaka mingi tumepigania mtoto wa kike, na ni haki. Sasa inabidi tugeuke nyuma kuona kaka yake kaishia wapi.

Kwetu, ukitaka kujua anaishia wapi, tazama kalenda ya korosho. Mwezi wa sita na wa saba ni kupuliza dawa. Kuanzia Septemba na Oktoba korosho zinaanguka, na kila mkono unatakiwa chini ya mti, maana korosho iliyolala kwenye unyevu hupoteza daraja na bei. Wakati huo huo wa Oktoba ndipo darasa la nne wanapojiandaa na upimaji wao wa kitaifa, na asiyevuka hapo hukariri. Mvulana wa miaka kumi anaokota, anauza kilo zake mbili tatu kwa mnunuzi wa kangomba, anapata fedha mkononi mwake. Mwezi wa kwanza ukifika, kiti cha darasani anakiona cha kitoto. Mwaka unaofuata anabeba mizigo mnadani, halafu pikipiki. Baba hakumtoa shule wala mama hakumtoa. Alitoka polepole, na daftari la mahudhurio lilionyesha jambo hilo tangu Oktoba, kama kuna aliyelitazama.

Familia zinazohamia shambani kulinda mazao dhidi ya nguruwe na nyani zina taabu ya namna yake. Mtoto anakaa dunguni wiki tatu, anarudi amepitwa na somo. Hapo tumeona dawa moja tu inayofanya kazi: akina mama kugawana zamu, mmoja abaki kijijini na watoto wa nyumba tatu, wenzake walinde shamba lake pia. Inahitaji watu wanaoaminiana. Mahali palipo na ugomvi wa mipaka ya mikorosho haiwezekani, tunasema ukweli.

Jando na unyago. Tunajua wasomaji wengine wangependa tupige mila hii marufuku kwa kalamu, na wengine watakasirika tukiigusa. Sisi wenyewe wengi tumechezwa. Hata kanisa huku kwetu lilikutana na swali hili mapema. Askofu Vincent Lucas, aliyekuwa Askofu wa Anglikana wa Masasi kuanzia 1926 hadi 1944, alijulikana kwa kuliingiza jando ndani ya maisha ya Kikristo badala ya kulikataa. Shida yetu kwa leo ni mbili. Ya kwanza ni siku. Likizo za Juni na Desemba zipo, na viongozi wa serikali wamekuwa wakisisitiza shughuli hizi zifanyike humo. Lakini sherehe hungoja fedha, na fedha ya korosho haifuati kalenda ya shule, basi mtoto anatoka wiki moja kabla na kurudi wiki mbili baada.

Ya pili ni maneno anayotoka nayo. Msichana wa miaka kumi na mmoja anafundishwa usafi wa mwili na heshima, vizuri kabisa, kisha anaambiwa sasa umekuwa mtu mzima. Anarudi darasa la tano mtu mzima! Mwalimu akimwadhibu anaona amedharauliwa. Mwanamume akimwita anaona ameheshimiwa. Nyakanga ndiye mwenye neno hapa, si sisi wala mwalimu. Tumewasikia manyakanga wenye busara wanaomwambia mwali wazi wazi mbele ya mama yake: wewe umechezwa, lakini ungali mwanafunzi, na mtu mzima wako ni cheti chako. Mama anayempeleka binti ana haki ya kumwomba nyakanga aseme hivyo, na anayemlipa ni yeye.

Msichana akipata mimba, sheria iliyorekebishwa mwaka 2016 inasema aliyempa mimba au kumwoa mwanafunzi anastahili kifungo cha miaka thelathini. Matokeo yake tunayaona kliniki. Binti anakuja amefundishwa kusema hamjui mwanamume, familia mbili zimekwisha kuelewana chini ya mwembe. Lakini wengi bado hawajui la pili: tangu tamko la tarehe 24 Novemba 2021 msichana aliyekatiza masomo kwa sababu ya mimba anaruhusiwa kurudi katika shule ya serikali. Tunakutana na akina mama wadogo wa miaka kumi na sita wanaodhani mlango ulifungwa. Mama zao nao wanadhani hivyo hivyo, au wanaona mtoto mchanga amekwisha kuwa adhabu ya kutosha. Jina lake bado liko katika daftari lile. Namba yake haikupewa mtu mwingine.

Jambo tunalopendekeza ni dogo, na limewezekana mahali ambapo mwalimu mkuu na muuguzi wanasalimiana. Mwezi wa Septemba, kabla korosho hazijaanza kumwagika, wakae na madaftari yao mawili, pamoja na mabalozi na akina mama wawili watatu wa jumuiya, wa makanisa na wa msikiti pia, maana watoto hawagawanyiki kwa dini. Wasome majina kwa sauti. Tuseme zahanati ilichanja watoto 31 waliozaliwa mwaka fulani, na darasa la awali lina 19. Kumi na wawili hawa hatuwaiti takwimu. Katika kijiji kidogo, likisomwa jina, kuna mtu atasema, "Huyo alihamia Nachingwea na mama yake," na mwingine, "Huyo tulimzika," na wa tatu, "Huyo namwona kila siku kisimani." Nusu saa inatosha. Mjini kazi hii isingewezekana, lakini shule yenye watoto 160 inaweza kuimaliza asubuhi moja. Huu ndio utajiri wa shule ndogo, na tunashangaa unatumika mara chache namna hii.

Kisha mtu aende. Kwa maoni yetu asiwe mtendaji wa kijiji kwa safari ya kwanza. Mtendaji akionekana, bibi hujua ni faini, na mtoto hupitishiwa mlango wa nyuma. Waende akina mama wawili, wakae kwenye mkeka, waulize habari za mvua, wasikilize. Mara nyingi kilichomzuia mtoto ni sare, au kadi iliyopotea, au maneno makali ya mwalimu mmoja siku moja. Mtendaji na polisi wabaki kwa yule baba anayepokea mahari ya mwanafunzi. Huyo hahitaji mkeka.

Tukiri kwamba kuna kijiji ambacho majina yote yatasomwa, kila mmoja atapatikana, na bado darasa la kwanza litakuwa na kumi na wanne. Huko wazazi wana neno jingine la kuzungumza katika mkutano wa shule: kama watoto waunganishwe na shule ya jirani au wabaki na walimu wachache wanaofundisha madarasa mawili kwa pamoja. Ni uamuzi mgumu. Kilometa tano za mchanga, kwa miguu ya mtoto wa miaka sita, si jambo la kuamuliwa na watu walio mbali na njia hiyo. Lakini wataamua wakijua kwamba hao kumi na wanne ndio wote.

Uandikishaji wa awali na darasa la kwanza hufanyika miezi ya mwisho ya mwaka, na mwaka mpya wa masomo huanza Januari. Aliyefikisha miaka mitano aende awali, wa miaka sita darasa la kwanza, na aliyepitwa aende vilevile, asione haya. Chukueni kadi ya kliniki na cheti kama kipo. Kadi ikiwa imeliwa na mchwa au kupotea katika kuhama, njooni zahanati ile ile mtoto alikochanjwa, mtutajie mwezi na jina mlilotumia wakati huo, hata kama sasa anaitwa jina jingine. Tutafungua daftari tumtafute.